Rangi ya Springi Hufia Wapi

Watengenezaji wa springi za magari hupenda kueleza uimara wa rangi yao kwa saa. Springi hii, huandika, imestahimili saa 500 za ukungu wa chumvi. Ile, saa 1,000. Maana yake ni kwamba springi iliwekwa ndani ya kabati lililofungwa, ikanyunyiziwa bila kukoma maji yenye chumvi asilimia 5 katika joto la nyuzi 35, na muda huo ulipokwisha kutu haikuwa imezidi kiwango walichokubaliana. Kipimo chenyewe ni cha zamani. J. A. Capp alikipendekeza Marekani mwaka 1914, na mwaka 1939 kikaingia katika viwango vya ASTM kwa namba B117, ambayo ingali inatumika. Kinafaa kwa kulinganisha mapipa mawili ya rangi ya kiwanda kimoja. Lakini mwenye Fuso la kubeba viazi na maharage kutoka Muheto, huko Masisi mashariki mwa Kongo, akiuliza saa hizo ni sawa na misimu mingapi ya mvua, hapati jibu, na fundi mwaminifu wa maabara atakuwa wa kwanza kukiri kwamba hakuna kanuni ya kugeuza saa hizo kuwa miaka. Milima ya Masisi haina bahari. Bahari ya Hindi iko mbali kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Hakuna anayemwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha theluji. Na ndani ya kabati lile springi hukaa tuli: haipindi, haibebi gunia, haipigwi na jiwe.

Hoja yangu ni kwamba rangi ya springi haizeeki yote kwa pamoja. Hufia mahali pachache, padogo, na karibu kila mara pasipoonekana, na springi inaweza kukatika huku sehemu yake kubwa ingali nyeusi na inang'aa. Kwa hiyo swali la rangi itadumu muda gani haliwezi kujibiwa kabla ya kujua itatobolewa wapi kwanza, na nini kitafuata pale ilipotoboka. Anayenunua springi kwa kutazama rangi ya nje, au kwa kusoma saa zilizoandikwa kwenye boksi, anapima upande usio na shida.

Tuanze na umbo. Lori, Hilux na Land Cruiser za kazi hubebwa nyuma na springi za mabapa: vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na vifupi chini, vikashikwa katikati kwa senta bolti na kukazwa kwenye ekseli kwa yubolti. Mzigo ukilala juu yake, upinde hunyooka. Hapo uso wa juu wa kila bapa huvutwa, na uso wa chini hubanwa. Ufa wa chuma kinachopinda na kunyooka mara nyingi huanzia upande unaovutwa, na ndiyo sababu viwanda vizuri huupiga uso huo kwa vichembe vya chuma kabla ya kuupaka rangi, ili ngozi yake ibaki imekandamizwa na ufa upate taabu kufunguka. Sasa tazama uso huo uko wapi. Wa bapa la kwanza uko wazi, juu kabisa. Wa bapa la pili umelala chini ya tumbo la lile la kwanza, wa tatu chini ya la pili, na kadhalika mpaka chini. Uso unaohitaji kinga kuliko nyuso zote ndio ambao mnunuzi haoni dukani, na ndio ambao bunduki ya rangi haiufikii springi ikishaunganishwa.

Hapa ndipo viwanda hutofautiana, na tofauti hii haionekani kwenye boksi. Kuna wanaopaka kila bapa peke yake, pande zote, wakaliacha likauke, ndipo wakaunganisha. Kuna wanaounganisha kwanza kisha wakaichovya au kuipulizia springi nzima. Njia ya pili ni ya haraka na ya bei nafuu, na nje matokeo yake hayana kasoro. Ndani, katikati ya bapa na bapa, kumebaki chuma kitupu chenye mafuta kidogo ya kiwandani. Springi ya namna hiyo inaweza kupita saa mia kadhaa za ukungu wa chumvi kwa sababu mkaguzi hukagua nje. Fundi wa gereji anaweza kuijua kwa dakika chache: alegeze kamba za chuma zinazoshika mabapa, apenyeze bisibisi, amulike tochi. Akiona chuma cheupe ndani, basi rangi ya nje ni pambo.

Kwa nini kishimo kidogo cha kutu kiwe na uzito huo wote? Lori lenye mzigo hucheza juu ya springi zake takriban mara moja na nusu kwa sekunde. Safari ya saa sita kwenye barabara mbovu ni zaidi ya michezo 32,000. Safari thelathini zinakaribia milioni. Kwenye hewa kavu, chuma safi kina kikomo fulani cha msongo ambacho chini yake kinaweza kuchezeshwa karibu bila mwisho na kisichoke. Mwingereza B. P. Haigh alikwisha kuona mwaka 1917 kwamba metali inayochezeshwa huku ikiliwa na maji huchoka upesi kuliko ilivyotarajiwa, na katika miaka ya 1920 D. J. McAdam, katika kituo cha majaribio cha jeshi la majini la Marekani huko Annapolis, alilifuatilia jambo hilo kwa majaribio mengi. Alikuta mambo mawili yanayopaswa kumtia wasiwasi kila mwenye gari. Kwanza, kile kikomo hutoweka: chuma kinacholiwa na maji huku kikichezeshwa hakina msongo ulio salama milele. Pili, chuma kigumu cha bei kubwa hupoteza karibu faida yake yote juu ya chuma cha kawaida. Majini, uwezo wa vyote viwili wa kustahimili uchovu hukaribiana. Chuma cha springi, chenye kromi na vanadi au silikoni na manganizi, hununuliwa kwa ajili ya ugumu huo. Tabaka la rangi lenye unene wa sehemu ndogo ya milimita ndilo linaloulinda ugumu uliolipiwa. Likitoboka pasipofaa, umebaki na chuma cha kawaida kwa bei ya chuma cha pekee.

Matope ya Masisi hufanya kazi yake hapo hapo. Udongo wa milima hii ni mfinyanzi mzito, na misimu miwili ya mvua huuacha ukiwa umelowa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Unaingia katikati ya mabapa, unabanwa na kugandamana humo, na hautoki kwa ndoo ya maji iliyomwagwa juu juu. Wengi hudhani kwamba chuma kilichofunikwa na udongo kimefichwa hewa na hivyo kimesalimika. Ni kinyume. Ulick Evans wa Cambridge alionyesha katika miaka ya 1920, kwa tone moja tu la maji ya chumvi juu ya bati safi la chuma, kwamba chuma huyeyuka katikati ya tone, mahali oksijeni inapopungua, wakati ukingo wenye hewa ya kutosha hubaki salama na kutu yenyewe hujikusanya kwa umbo la pete kati ya hizo sehemu mbili. Mfinyanzi uliobanwa kati ya mabapa hurudia jaribio hilo kila siku ya mvua. Ndani kabisa, pasipo hewa, ndipo chuma kinapoliwa. Nje, penye hewa, hapana dalili isipokuwa mstari mwembamba wa rangi ya kahawia unaotiririka baada ya mvua. Fundi anayeona mstari huo na kuupaka rangi juu amefuta ushahidi.

Kutoka upande wa Muheto kwenda sokoni, njia hushuka mpaka Sake, na kutoka Sake kilomita zipatazo 25 hadi Goma ziko kwenye nchi ya lava. Changarawe ya lava ina kingo kali, na tairi la mbele huirusha moja kwa moja kwenye springi ya nyuma. Rangi ngumu inayong'aa hupigwa ikatoka kipande kizima mpaka chini. Rangi yenye unyumbufu hubonyea na kushika. Juu ya hayo kuna mlima wa volkano. Baada ya mlipuko wa Januari 2002, Nyiragongo, pamoja na jirani yake Nyamulagira, ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa duniani vya gesi ya salfa, na ziwa lake la lava liliendelea kuchemka hadi lilipokauka kwa mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021. Upepo wa eneo hili huvuma zaidi kutoka mashariki, hivyo moshi huelekea Rusayo, Sake na vilima vya Masisi, na mvua inayopita ndani yake hushuka ikiwa na asidi. Sidai kwamba mvua ya Muheto ina ukali sawa na ile ya chini ya mlima. Lakini gari halikai Muheto. Kila safari ya sokoni hulipitisha chini ya moshi huo na kulirudisha likiwa na matope yaliyolowa maji yale.

Asidi hiyo hubadilisha thamani ya kinga zinazosifiwa. Tabaka la vipande vyembamba vya zinki na alumini, linalotumiwa siku hizi kwenye boliti na springi nyingi, ni la kutegemewa kwa kuwa zinki hujitoa mhanga: chuma kikichubuka, zinki ya kando huliwa badala yake. Ni tabia bora kuliko zote kwa springi inayopigwa mawe. Hata hivyo unene wake ni kama maikroni 10, na zinki haivumilii asidi. Kiwango cha ISO 9223 kinakadiria kwamba katika hewa yenye ulaji mkubwa zinki hupungua kati ya maikroni 2 na 4 kwa mwaka, na hiyo ni kwa bamba lililotundikwa wazi bila kusuguliwa na chochote. Rangi ya unga, yenye unene wa maikroni 60 hadi 120, hustahimili asidi na mawe vizuri zaidi, lakini ikitoboka haina la kufanya. Maji huingia chini yake na kutambaa huku uso ukiwa mzima. Ile inayopakwa kwa kuzamisha springi kwenye rangi yenye umeme ni nyembamba, kiasi cha maikroni 20, ila hufika kila pembe, na juu ya tabaka zuri la fosfeti hushika kwa nguvu. Kwa barabara hizi ningechagua zinki chini na rangi ya unga juu, kila bapa peke yake, na ningekubali kulipa zaidi. Kama hilo halipatikani, bapa lililopakwa vyema kwa rangi ya kawaida kabla ya kuunganishwa linashinda springi iliyopakwa kwa ufundi wa hali ya juu baada ya kuunganishwa.

Kuna kishawishi cha kudhani kwamba dawa ni kuongeza unene. Sivyo, na mahali pa kuliona hilo ni chini ya yubolti. Rangi nene iliyobanwa kwa nguvu kati ya vyuma viwili huendelea kusinyaa polepole kwa joto na mzigo. Ikisinyaa, mkazo wa yubolti hupungua, mabapa huanza kutembea, senta bolti hubeba kazi isiyo yake, na springi hukatika kwenye tundu la katikati. Fundi asiyelijua hili atalaumu chuma. Ndiyo maana pale panapokazwa rangi inapaswa kuwa nyembamba, na yubolti zikazwe upya baada ya gari kutembea kidogo likiwa na mzigo. Ni kazi ya dakika chache ambayo gereji nyingi huiruka.

Pingamizi kubwa ni lile la madereva, na lina nguvu. Springi za Masisi, husema, hazivunjwi na kutu. Zinavunjwa na mzigo uliozidi na mashimo ya barabara. Kuhusu barabara hawajatia chumvi. Huko Walikale, kwa miaka mingi kasiterite, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilipakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua juu ya barabara yenyewe huko Kilambo, kwa kuwa kuyafikisha madini Goma kwa lori kulikuwa na shida kuliko kuyarusha. Ila mzigo na kutu si washtakiwa wawili wa kuchagua mmoja. Mzigo huamua msongo ni mkubwa kiasi gani. Kishimo cha kutu huamua ni wapi na lini msongo huo utafungua ufa. Lori lililozidishiwa mzigo likiwa na springi safi huweza kupiga safari nyingi na kuinama tu, mabapa yakalegea upinde. Likiwa na vishimo, bapa hukatika ghafla. Tena kuna ushahidi kutoka mahali penye lami na mizani: Septemba 2014 Toyota iliziita gereji Tacoma zipatazo 690,000 huko Marekani, za miaka 2005 hadi 2011, kwa kuwa bapa la springi ya nyuma liliweza kuvunjika kwa msongo pamoja na kutu, na bapa lililokatika likaweza kugusa vitu vya jirani, likiwemo tangi la mafuta. Barabara nzuri haikuziokoa. Asiye na uwezo wa kupunguza mzigo wala kutengeneza barabara, na mwenye gari wa Muheto hana uwezo wa lolote kati ya hayo, kilicho mikononi mwake ni kile kishimo.

Pingamizi la pili linahusu oili chafu. Kote Afrika Mashariki springi hupakwa oili iliyokwisha kutumika kwenye injini, na wanaofanya hivyo si wajinga. Oili hufukuza maji, hupenya katikati ya mabapa kuliko rangi yoyote, na hupunguza msuguano unaokwangua rangi. Springi za zamani zilitengenezwa zitiwe grisi yenye grafaiti kwa sababu hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba oili chafu hukamata vumbi la lava na kugeuka uji wa kusagia, na mafuta yenyewe huvimbisha bushi za mpira na vile vipande vya mpira vilivyowekwa kwenye ncha za mabapa ya kisasa. Isitoshe, mvua ya wiki mbili huiosha nje na kuacha ndani mchanganyiko wa matope na masizi ya injini yenye asidi yake. Inafaa basi kwa springi kuukuu ya chuma kwa chuma, ikitiwa baada ya kuosha na kukausha, na kwa kurudiarudia. Kuipaka juu ya matope ni kuyafungia maji ndani.

Ukarabati nao huua rangi, na chuma pia, kuliko safari. Gurudumu la kusagia likipitishwa kukata bapa kwa upana huacha mikwaruzo ambayo kila mmoja ni mwanzo wa ufa, na huondoa ile ngozi iliyokandamizwa kiwandani. Burashi ya waya, ikifuata urefu wa bapa, huondoa kutu bila dhambi hiyo. Asidi ya betri husafisha haraka mno na kwa hatari: chuma kigumu kinachokaa kwenye asidi hunywa hidrojeni, kisha hukatika bila kutoa dalili siku kadhaa baadaye chini ya mzigo wa kawaida. Kuzamisha bapa kwenye zinki iliyoyeyuka, kama inavyofanyiwa mabati, ni kulipasha joto la nyuzi 450, karibu na joto lile lile lililotumika kulipa unyumbufu wake. Kulichoma kwa welding hakustahili hata mjadala. Bapa lililochomwa limebakiwa na kazi ya mhunzi, awe anatengeneza panga au jembe. Na magari yaliyotumika yanayotoka Japani yaangaliwe chini kwanza, kwa kuwa yale ya kaskazini, nchi ya theluji, yalikwisha kutembea kwenye chumvi kabla ya kupanda meli. Rangi mpya iliyopuliziwa bandarini huficha mengi.

Pikipiki, ambazo ndizo zinazobeba watu wengi wa vilima hivi pamoja na coltan ya Rubaya, zina habari fupi zaidi. Springi zao za kuzunguka ziko wazi, rangi yake ya unga inaonekana yote, na motari anaweza kuifuta kwa kitambaa. Sehemu moja tu huleta taabu: mzunguko wa mwisho wa chini, unapokalia kikombe chake. Mchanga hukaa humo, waya husugua kikombe, rangi huisha, na springi hukatika kiasi cha nusu mzunguko kutoka mwisho.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna karatasi ya kiwanda inayolitaja, nalo ni gari lililosimama. Vita vilipoikaribia Sake Februari 2024 na njia za Masisi kukatika, na tena mapigano ya Januari 2025 yalipoifikia Goma yenyewe, safari za sokoni zilisimama au zikawa za kubahatisha. Springi inayotembea hujikausha kidogo kwa upepo na kutikisika. Iliyosimama na matope ya safari ya mwisho hubaki imelowa usiku na mchana, na vishimo huchimbika bila mchezo wowote wa kuvihesabia. Gari kama hilo likirudi kazini huonekana limepumzika, rangi ya nje haina kasoro, na dereva hulipakia kama zamani. Kabla ya gunia la kwanza kupanda, fremu iinuliwe kwa jeki, ekseli ikining'inia, mpaka mabapa yaachane, maji yapitishwe katikati kwa shinikizo, springi ikauke siku nzima, kisha tochi imulike uso wa juu wa bapa la pili na la tatu, karibu na yubolti na palipo na ncha ya kila bapa. Kutu ya unga inayofutika kwa kidole isafishwe na kupakwa rangi. Kishimo kinachoshika ukucha, bapa hilo litolewe.